Mkono Ulisema Umesimama, Kifua Kikakataa

Kama moyo wako unapiga vizuri, karatasi hii mpe jirani. Mimi namwandikia yule ambaye sasa hivi ameketi kwenye benchi ya hospitali, vidole viwili juu ya mkono wake mwenyewe, anahesabu, na akifika kumi na ngapi anakuta shimo. Pigo halipo. Halafu linakuja lingine kama teke la punda. Ndugu yangu, dada yangu, hilo shimo nalijua. Nimeishi ndani yake karibu miaka miwili. Nimetoka na akili pungufu kidogo, lakini hata kabla sikuwa na nyingi.

Kwanza ujue ni nani anayekuambia. Babu yangu alikuja Isiolo na jeshi la Mwingereza, akabaki, na tangu hapo wanaume wa kwetu ni watu wa malori. Kaka yangu Aden anaijua barabara ya Moyale kuliko anavyowajua watoto wake. Mimi ndiye niliyezaliwa na makalio mazito. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi nyumbani, nikafungua duka la vitambaa katika chumba cha mbele cha nyumba yetu hapa mtaa wa Wabera. Kwenda kazini ni kuvuka pazia. Aden alikuwa akiwaambia watu, "Huyu akifa tutamzika uani, hatakubali kutoka." Tulikuwa tunacheka.

Katikati ya miaka ya themanini, kiangazi, homa ya matumbo ilinilaza wiki sita. Homa ikaondoka, mimi nikabaki. Nikadhani nimepona. Asubuhi moja nilikuwa nimeketi mkekani na binti yangu Nasra, miezi saba, nikimfundisha kuniita Aabo, baba, na kunivuta ndevu. Mteja akapiga hodi dukani. Nikainuka haraka na mtoto mkononi.

Nilipofungua macho niliona dari. Halafu nikasikia kilio. Mtoto alikuwa ameangukia kizingiti cha mlango na damu inamtoka juu ya jicho. Mke wangu Zeinab alikuwa amempakata, anamfuta kwa leso, na hakunitazama. Mpaka leo nalikumbuka hilo kuliko ile damu, kwamba hakunitazama.

Mama yangu, ambaye sisi tunamwita Hooyo kama Wasomali wote, alikuwa tayari amenishika mkono. Hooyo ana namna yake ya kupima mgonjwa. Anaweka vidole vitatu kwenye mshipa, na mkono wake mwingine unashika tasbihi, na kila pigo likipita anasukuma shanga moja. Mtaa mzima wanamwita wakishuku mgonjwa anazidiwa. Basi akasukuma shanga, moja, nyingine, nyingine. Halafu shanga ikabaki kidoleni.

"Umesimama," akasema.

Shanga ikaenda tena. Baada ya muda ikabaki tena.

"Umesimama tena. Wallahi moyo wa huyu kijana unasimama."

Zeinab akamkabidhi mtoto kwa jirani, akapiga magoti, akaweka sikio juu ya kifua changu. Akasikiliza kwa muda mrefu huku nywele zake zinaniingia mdomoni.

"Haujasimama," akasema. "Pale Hooyo anaposema umesimama, mimi nasikia umepiga. Kidogo, na mapema, lakini umepiga."

"Wewe unasikia tumbo."

"Tumbo liko kifuani, Hooyo?"

"La huyu liko kila mahali."

Nilikuwa nimelala katikati yao kama kitambaa ambacho wateja wawili wanakivutania. Hakuna aliyeniuliza mimi nasikia nini.

Hukumu ikatolewa jioni ile. Hooyo alisema nisimshike mtoto mpaka moyo uache kusimama. Nikamtazama Zeinab, nikijua yeye atanitetea, maana sikio lake limekataa. Akasema, "Usimame usisimame, umemwangusha." Wanawake hawa wawili walikuwa hawajawahi kukubaliana hata juu ya chumvi ya mchuzi, na siku hiyo walikubaliana juu yangu.

Basi hiki ndicho nilichokuwa nakitaka muda wote huu, na nakwambia mapema ili usidhani nilikuwa shujaa anayepigania uhai. Nilitaka kumshika mtoto wangu. Kufa nilikuwa nakuogopa, ndiyo, lakini kufa kulikuwa mbali kidogo. Nasra alikuwa pale, upande wa pili wa chumba, kwenye mapaja ya kila mtu isipokuwa mimi.

Mwili nao ulianza kunikimbia. Suruali nilizifunga kwa kamba. Mikono ikawa baridi hata saa sita mchana, na mchana wa Isiolo unaujua. Nikisimama, ukuta ulikuwa unasogea. Nikawa naswali nikiwa nimeketi, kama wazee, na vijana msikitini wakawa wananipisha na kuniita mzee, nami nina miaka thelathini na mmoja. Choo chetu kiko mwisho wa uani. Nikielekea huko Zeinab alikuwa anatembea nyuma yangu amebeba kigoda, ili nikianza kuyumba anisukumie chini ya makalio. Majirani walikuwa wanaona msafara huo mara tano kwa siku. Mama mmoja Mborana wa nyumba ya pili aliniletea maziwa kila asubuhi, na hakuwahi hata siku moja kuniuliza naendeleaje. Sijui kama anajua nilivyomshukuru kwa hilo.

Kwenye zahanati, daktari wa kwanza alisema ni wasiwasi. Wa pili alisema nipunguze miraa. Nikamwambia sijawahi kutafuna miraa maishani. Alinitazama kama mtu wa Isiolo anayedai hajawahi kuona ngamia. Wa tatu akaandika barua niende Nairobi.

Aden alinipeleka kwa lori. Nikiketi wima naona giza, kwa hivyo Hooyo alikaa mbele na mimi nikalazwa nyuma juu ya magunia matupu, mahali ambapo juzi yake walisafiri mbuzi. Kila lori likiruka nilipiga kelele. Tulipofika Nanyuki Aden alikuja kunichungulia.

"Uko hai?"

"Sijui."

"Mbuzi hawalalamiki hivi," akasema, akanipa chupa ya chai. Nilimwona anageuza uso. Alikuwa analia, mjinga yule.

Benchi za hospitali kubwa sitakueleza sana, unazijua. Utafika alfajiri, utapewa namba, na atakayekuja baada yako ataingia kabla yako. Nilichojifunza ni kimoja: lala. Usione haya. Laza kichwa kwenye mapaja ya mama yako hata kama una ndevu. Mimi nilijifanya kidume siku ya kwanza nikaketi wima, wakanizoa sakafuni mara mbili.

Siku ya tatu alikuja kijana mmoja, Daktari Mutiso, na koti jeupe lililomzidi mabega. Alikuwa kwenye utafiti wake wa chuo kikuu. Akatueleza, na Hooyo alisikiliza kuliko mimi. Alisema moyo mzima haupigi kama saa ya ukutani. Ukivuta pumzi unaharakisha kidogo, ukitoa unapoa. Ukisimama unajirekebisha. Yeye anapima ile nafasi kati ya pigo na pigo, mamia ya nafasi, halafu kompyuta inazichambua kama mtu anayezungusha redio akitafuta stesheni. Inaona hapa pana stesheni ya pumzi, hapa pana ya mishipa ya damu, na kila moja ina nguvu kiasi gani. Inachora vilima kwenye karatasi. Kilima kikikosekana, neva fulani zimechoka.

"Sasa swali langu," akasema, "ni kwamba mapigo haya nayachukua wapi. Naweza kuyachukua kifuani kwa nyaya. Naweza kuyachukua kidoleni kwa kibanio chenye taa, kinachoona damu ikifika. Mashine za nyaya ni chache, kwenu huko hazipo. Kidole kila mtu anacho. Nataka kujua kama kidole kinasema sawa na kifua."

Hooyo akanigeukia. "Umesikia? Hata hapa wanabishana mkono na kifua."

Nikawekewa nyaya tatu kifuani na kibanio kwenye kidole cha mkono wa kushoto. Tepu ya kurekodi mapigo ikaanza kuzunguka. "Lala, tulia, pumua kawaida," akasema. "Robo saa." Ndugu, mtu amefungwa nyaya kama nguzo ya simu anaambiwa apumue kawaida! Nilitulia kwa namna ninayoijua. Daktari akanisifu kwamba hajawahi kuona mgonjwa mtulivu hivi, na mimi nikafurahi kama mtoto aliyepewa peremende.

Tukarudi nyumbani kungoja. Kompyuta ilikuwa ya chuo na ina foleni yake, kama sisi. Mvua za masika zikaanza, uani pakawa matope, na Zeinab akawa anabeba kigoda na mwavuli. Nasra akaanza kutambaa. Alikuwa anakuja kwangu moja kwa moja juu ya mkeka, anacheka, na akikaribia kunigusa mtu anamnyakua kutoka nyuma. Alidhani ni mchezo. Mwezi wa pili wa kungoja hakuja tena. Akawa anatambaa kwenda kwa Hooyo. Mimi nilikuwa naangalia ukuta. Siku moja nilimwomba Zeinab amlete tu karibu, aketi yeye na mimi niguse mguu. Akamleta. Nikaushika ule mguu mdogo. Halafu lile shimo likaja kifuani, uso wangu ukabadilika, na Zeinab akamvuta mtoto kwa nguvu mpaka akalia. Hatukusemezana siku mbili.

Barua ikaja baada ya wiki kumi. Rudi.

Daktari Mutiso alikuwa na karatasi mbili, ya kifua na ya kidole, na juu ya zote kilima kimoja kirefu, chembamba, kimesimama peke yake kama mlima katikati ya tambarare. Alisema hajapata kuona kitu hiki kwa mgonjwa. Alikuwa amewaonyesha wakubwa zake, nao hawajaelewa. Nilimtazama usoni nikaona kitu kibaya zaidi ya habari mbaya. Alikuwa amechangamka. Hooyo akaanza kusoma dua. Mimi nikauliza kama ninakufa, akasema tupime upya kwanza, na mtu akisema "kwanza" kwa sauti hiyo, wewe andika wosia.

Nikalazwa tena. Nyaya, kibanio, tepu. Safari hii sista mmoja alibaki chumbani, mama mnene wa makamo, Sista Rukia. Dakika tano hazijaisha akainuka akasimama juu yangu.

"Wewe. Mkono wa kulia unafanya nini?"

"Hakuna."

"Kidole gumba kinatembea. Unahesabu."

Nikatazama. Kweli, kidole gumba kilikuwa kinapanda pingili za vidole, moja baada ya nyingine, kama tulivyofundishwa madrasa. Sikuwa najua. Nilikuwa naleta uradi kimoyomoyo, Subhanallah, na pumzi inafuata: neno linatoka na pumzi, kimya kinaingia na pumzi, polepole, vilevile, vilevile, robo saa nzima. Mtu wa kwetu akilazwa na kuambiwa atulie, atafanya nini kingine?

Sista Rukia akapiga kofi, akacheka mpaka akashika kitanda. "Daktari! Mlima wako huu hapa. Mgonjwa anasali!"

Daktari Mutiso hakucheka. Aliketi kwenye kiti chake akiwa ameshika zile karatasi. Pumzi zangu zilikuwa zimeburuta moyo ukaenda nazo kama mbuzi na kamba, na stesheni moja ikafunika zote. Karatasi nzuri, haina maana. Wiki kumi za matope, ukuta na mtoto anayenyakuliwa, nilikuwa nimejifanyia mwenyewe, tena kwa ibada.

"Unaweza kuacha?" akaniuliza kwa upole.

"Nijaribu kumsahau Mungu nikiwa nimefungwa nyaya?"

"Usimsahau. Mkumbuke bila mpangilio."

Nilijaribu. Ni kazi ngumu kuliko kubeba gunia. Mwisho Sista Rukia aliketi kando ya kitanda akanisimulia kwa sauti ya chini harusi ya binti wa dada yake, nani alikasirika kwa sababu ya nyama, nani alikataa kuketi na nani. Pumzi yangu ikaenda ovyo kama ya watu wengine. Tepu ikajaa. Halafu wakanisimamisha, nyaya zikiwa bado kifuani, na dakika ya tatu nikamwangukia daktari.

Nilipozinduka walikuwa bado wamewasha mashine. Kalamu zilikuwa zinachora mistari miwili kwenye karatasi inayotembea, juu kifua, chini kidole. Hooyo alikuwa ameingia bila ruhusa, tasbihi mkononi, na vidole vitatu kwenye mshipa wangu.

Sista alitaka kumtoa. Daktari akasema, "Mwache. Mama, pigo likikosekana sema."

Hooyo akasukuma shanga. Tukangoja.

"Hapo!" akasema.

Daktari akaweka alama kwa kalamu nyekundu.

"Hapo tena!"

Alama. Alipofikisha tano daktari akang'oa karatasi, akamwonyesha. Kwenye mstari wa chini, wa kidole, palikuwa patupu kila penye alama. Hooyo akainua kidevu. Halafu daktari akapandisha kidole chake mpaka mstari wa juu. Pale pale penye utupu, kifua kilikuwa kimepiga. Kijino kidogo, kimekuja mapema.

"Moyo umepiga, mama. Lakini umepiga kabla haujajaa damu. Hakuna kitu cha kufika mkononi."

Hooyo alitazama ile karatasi muda mrefu. "Kwa hivyo sikukosea."

"Hukukosea. Mkono umekuambia habari za mkono."

"Na yule mke wake?"

"Ambaye aliweka sikio? Na yeye hakukosea."

Hooyo akavuta tasbihi. "Hiyo ya pili," akasema, "usimwandikie kwenye barua."

Nilicheka nikiwa nimelala, na kucheka kukaniletea shimo jingine, lakini safari hii sikuliogopa. Ungejua ni kitu gani kikubwa hicho! Pigo dogo limetangulia tu, basi.

Furaha hiyo iliishi mpaka kesho yake. Daktari Mutiso alisema yale mashimo hayataniua. Kuanguka ndiyo habari nyingine. Nikisimama, kilima kilichotakiwa kuinuka hakikuinuka, si kwenye kifua, si kwenye kidole. Neva zinazokaza mishipa zimelegea, labda kwa ile homa, labda kwa jingine, hajui. Nikauliza dawa. Hakuna. Nikauliza mpaka lini. Hajui. Kunywa maji, ongeza chumvi, funga miguu kwa bendeji, inuka polepole, ukiona giza keti popote ulipo. Ushauri huo ni wa kwangu, wewe uliza daktari wako.

"Na mtoto? Naweza kumbeba?"

Alivua miwani, akaifuta kwa lile koti lake. "Ukiwa umeketi chini, na mgongo ukutani, sioni ubaya. Ukiwa umesimama, ningekuwa mimi, singembeba."

Nilimshukuru. Nilitaka kumpiga.

Nyumbani Hooyo alitoa taarifa yake mbele ya wote, na kwa haki ya Mungu alisema yote. Alisema mkono ulikuwa na ukweli na sikio la Zeinab lilikuwa na ukweli. Zeinab alikuwa anapepeta mchele. Chakula cha siku hiyo kilikuwa na nyama ya watu kumi.

Nikakubaliwa kumpakata Nasra nikiwa chini. Lakini wakati tulipokuwa tunabishana mkono na kifua, yeye alikuwa ameanza kutembea. Mtu mwenye miguu mipya hataki kuketi kwenye mapaja ya mtu aliyefungwa bendeji. Nilikuwa naketi mkekani, mgongo ukutani, nimetandaza mikono kama mnunuzi wa ngozi, nikimwita. Anapita mbio. Nikimshika anapindapinda kama samaki, anaponyoka. Hakunichukia. Alikuwa tu hanijui kama mahali pa kukaa. Sikuwa na la kufanya. Mvua fupi zikaja, kiangazi kikarudi, na kila mchana niliketi pale. Nikaanza kusimama muda mrefu kidogo, kisha zaidi. Kigoda kikabaki ndani. Mikono bado ilikuwa baridi.

Siku moja baada ya adhuhuri Zeinab alikuwa sokoni, Hooyo ameitwa mtaa wa Kiwanjani kushika mkono wa mgonjwa, na mimi nilikuwa nimesimama dukani nakunja kitambaa. Nasra akatoka nyuma ya pazia, miaka miwili na kitu, macho mekundu, alikuwa na mafua. Akaja mpaka miguuni pangu, akainua mikono yote miwili.

Nyumba ilikuwa tupu. Kichwa changu siku hiyo kilikuwa safi. Niliinama kumchukua nikiwa nimesimama, naapa niliinama, vidole vyangu vilikuwa tayari chini ya kwapa zake.

"Aabo," akasema, na akarudi nyuma hatua moja. Akanionyesha sakafu kwa kidole. "Keti kwanza."

Nikaketi. Alinikagua, akanisukuma kifua mpaka mgongo ukagusa ukuta, akaangalia kama niko sawasawa. Ndipo akapanda, akajikunja, akaweka kichwa pale pale ambapo mama yake aliweka sikio, akafuta kamasi kwenye shati langu, akalala.

Wateja wawili walikuja. Nikawaambia kwa ishara wajipimie wenyewe. Zeinab aliporudi na kikapu chake alitukuta pale, na miguu yangu ilikuwa imekufa ganzi mpaka kiunoni.

"Mbona huinuki?" akaninong'oneza.

"Mimi ni mgonjwa," nikamwambia. "Nimekatazwa kuinuka haraka."